Mwalimu mpya unayetaka kukopa milioni 11 ununue gari la IST, usisaini kwanza

Usisaini chochote. Hayo mengine tutaongea.

Nimesoma swali lako nikiwa kwenye foleni kwa wakala nikajikuta naguna mpaka dada aliyekuwa mbele yangu akageuka. Umeuliza mambo mengi kwa mpigo, eti mshahara wa mwalimu wa digrii unaendana na gharama za maisha, eti serikalini na shule binafsi wapi kuna unafuu, eti uhamisho unapatikana baada ya muda gani, halafu chini kabisa, kama kitu cha pembeni tu, umeandika kwamba afisa mikopo ameshakupigia, anasema unaweza kupata milioni 11 na unawaza uvute IST "utoke kimaisha". Mdogo wangu, swali ni hilo la chini. Huko juu kote ulikuwa unatusalimia.

Mimi ni wa ajira za 2021, TGTS D, yaani ngazi ya mshahara ya mwalimu wa digrii, nikaanza na 716,000. Mwenzangu niliyemkuta kituoni aliajiriwa 2016 na yeye alianzia 716,000 hiyo hiyo, maana miaka yote ile nyongeza ya mishahara tulikuwa tunaisikia Mei Mosi kama mtu anavyosikia mvua imenyesha mkoa wa jirani. Bei ya unga haikusubiri Mei Mosi. Kwa hiyo kama unataka jibu la haraka la kama tunalipwa vizuri, hapana, hatulipwi vizuri, na sibishani na yeyote hapo. Mwaka 2012 walimu waligoma wanataka nyongeza ya asilimia 100, mahakama ikasema mgomo ni batili, wakarudi darasani. Mimi wakati huo mwanafunzi, tulicheza mpira mpaka tukachoka, sikujua kwamba wanagombania maisha yangu.

Sasa chukua hiyo 716,000 tuichinje wote hapa, maana ndiyo mahali pa kwanza watu wanapodanganyana. PSSSF, mfuko wa pensheni, 5%, 35,800 imeondoka. Kodi, 52,040. Bima ya afya 3%, 21,480. Ada ya chama 2%, 14,320, hii inarudi kwako kama fulana ya Mei Mosi ambayo saizi yake siku zote ni ya mtu mwingine. Halafu anakuja baba lao, bodi ya mikopo 15%, 107,400. Lile bumu tulilokuwa tunanunulia chipsi na viatu pale chuoni ndiyo hilo, ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya deni waliifuta 2021 na tukashukuru, ila 15 ipo pale pale mpaka deni liishe. Jumla ya vilivyoondoka 231,040. Kilichobaki mkononi 484,960.

Huo ndiyo mshahara wangu. Laki saba na kumi na sita ni namba ya kumtajia baba mkwe.

Na kumbuka D ya Sikonge na D ya Kinondoni ni moja. Mimi nilipangiwa kijijini huko Sikonge, Tabora, chumba 25,000, maharage ya kupimiwa, msimu wa asali unapewa hadi ya bure na wazazi, mtu ungesema nimeula. Rafiki yangu tuliyesoma naye yuko Dar, chumba na choo cha ndani 120,000 anadaiwa miezi sita kwa mpigo, daladala mbili kwenda mbili kurudi, mshahara ule ule. Nikimwambia nabaki na 485 anasema na yeye, tunacheka, halafu anakata simu kwa sababu vocha. Yaani ukiniuliza haki iko wapi nitakuambia haipo kabisa kwenye ngazi ya mshahara, kwa sababu ngazi haijui unaishi wapi. Lakini hata hapo Dar rafiki yangu hajafa njaa. Mimi niliyekaa kwenye chumba cha 25,000 ndiye niliyekufa njaa. Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Mshahara wangu wa kwanza ulichelewa, cheki namba, ile namba yangu ya utumishi, ilizunguka huko, nikawa nakula kwa daftari la Mangi. Ulipoingia nikalipa daftari, nikanunua godoro, nikajiona mtu. Haikupita muda akaja afisa mikopo shuleni. Kijana msafi, viatu vimeng'aa hujui amepitaje kwenye ule mchanga, amekuja na kreti ya soda kwa ajili ya stafu nzima. Akakaa ofisini kwetu pale penye meza ya mitihani, akatoa kikokotoo, akaniomba slipu. Akaiangalia kama sekunde tano hivi, akaandika kwenye karatasi "11M" akazungushia duara, akanigeuzia. Hakusema kitu. Akanywa soda.

Nimefikiria sana lile duara. Hakuniandikia kinachokatwa, hakuandika riba, hakuandika jumla nitakayorudisha, aliandika kitu kimoja tu, kile ninachopewa. Na mimi ambaye sijawahi kushika hata milioni mbili nikasikia moyo unakwenda mbio. Nikamuuliza makato ni shilingi ngapi, akasema "mwalimu usiwe na wasiwasi, sheria inakulinda, lazima ubaki na theluthi ya mshahara." Eti sheria inanilinda.

Hapo ndipo pa kusoma polepole. Ni kweli mtumishi hatakiwi kukatwa mpaka abaki chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Theluthi ya 716,000 ni 238,667. Iliwekwa ili hata ukiwa na madeni ya namna gani usilale njaa, yaani ni mahali pa chini kabisa pa kufika mtu aliyeharibikiwa. Yule kijana yeye akaichukua kama ndiyo kipimo changu cha kuanzia. Alichofanya na kile kikokotoo ni kutoa theluthi kwenye mshahara wangu, akaangalia kilichobaki juu yake, akakifunga chote. Marejesho 246,000 kwa mwezi, miezi 72, riba 17% kwa mwaka kwenye salio. Toa 246,000 kwenye 484,960 uone. 238,960. Nimebaki juu ya theluthi kwa shilingi 293. Mia mbili tisini na tatu! Hata andazi na chai hupati. Ila sheria imefuatwa, hakuna pa kushtaki.

Na pembeni yangu alikuwepo mwalimu mmoja mkongwe, sisi tulimwita Mzee wa Fursa, ananipiga bega, "dogo chukua, hela ya serikali haiishi, mshahara hautoshi hivyo hivyo ndo ukope, ukisubiri utoshe utazeeka." Huu msemo nauchukia kuliko chaki zenye mawe. Angalia alivyougeuza. Mshahara hautoshi, KWA HIYO punguza nusu ya kilichobaki kwa miaka sita. Na mimi nikaona busara. Baadaye nikaja kujua yeye mwenyewe alikuwa anabaki na theluthi tangu zamani, nadhani alitaka tu kampani.

Ngoja nimalize utani wote mapema kabla hamjaanza: ndiyo, mimi ni mwalimu wa hesabu. Ndiyo, riba juu ya riba naifundisha kidato cha tatu, na ninatoa jaribio, na kuna watoto nimewachapia "F" humo. Endeleeni.

246,000 mara 72 ni 17,712,000. Nilipewa milioni 11 na kidogo, wakatoa ada na bima ya mkopo juu kwa juu, nikashika kama milioni 10 na laki 7. Nikanunua kiwanja Tabora mjini, kipo mpaka leo kimeota vichaka. Nikanunua pikipiki nikampa kijana aniletee hesabu ya 7,000 kwa siku, akaleta vizuri, ikaja ikawa Jumapili haleti, ikawa mvua haleti, mwisho injini ikanoki na matengenezo ni yangu. Sitaki kuiongelea zaidi ya hapo, maana watu wakisikia hivi wanasema tatizo lilikuwa ni biashara mbaya, ungefanya kilimo, ungefanya sijui mpesa. Hapana jamani. Hata biashara ingekuwa nzuri, nilikuwa nimeipa mtaji wote bila kuacha hela ya kuilea, na mimi mwenyewe mwezi wangu una tarehe 45.

Sasa ishi na 238,960. Chumba 25,000. Nyumbani mama ametangaza mtaa mzima mwanawe kaajiriwa serikalini, 50,000 huwezi kukwepa. Chakula, mkaa, sabuni, vocha, nauli ya kwenda mjini, michango ya harusi ya watu hata hujui walikutana wapi. Ikifika tarehe 10 umekauka. Na ukikauka kijijini kuna sehemu moja tu ya kwenda.

Kwa mama wa kausha damu, yaani mikopo ya mtaani yenye riba kali, alikuwa na chumba nyuma ya duka la vipodozi. Unampa kadi ya benki na namba ya siri, anakupa laki moja, mwisho wa mwezi unarudisha laki na thelathini. Kadi alikuwa anazitunza kwenye kopo la biskuti, amezifunga na mipira kwa shule, shule ya fulani fungu lake, shule ya fulani fungu lake, namba za siri zimeandikwa kwa peni ya bluu kwenye vikaratasi vimebandikwa na gundi ya karatasi. Nilipoona fungu la shule yetu lilivyo nene ndipo nilipojua kwa nini stafu huwa wanakuwa wapole sana kuanzia tarehe 15. Na mkuu wangu wa shule kadi yake ilikuwa ya juu kabisa, na yeye anakula posho ya madaraka. Mshahara ukisoma, mama anakuwa wa kwanza pale ATM, anatoa yake, anakupa inayobaki na kadi, kesho kutwa unamrudishia kadi kwa sababu umekauka tena.

Laki moja ile sikuwahi kuimaliza. Kila mwezi narudisha 130, nakopa tena 100. Yaani nilikuwa nalipa 30,000 kila mwezi kwa ajili ya laki moja ambayo niliila mara moja.

Halafu ikaja Julai 2022. Nyongeza! Redio nzima asilimia 23.3. Mtaa mzima umesikia, mwenye nyumba kasikia, Mangi kasikia. Hakuna aliyesikia kwamba 23.3 ile ni ya kima cha chini, kutoka 300,000 kwenda 370,000. Kwetu D ikatoka 716,000 kwenda 771,000, nyongeza ya 55,000. Ikapita kwenye panga lile lile, PSSSF, kodi, bima, chama, bodi, ikafika kwangu ikiwa 30,800. Umeiona hiyo namba? Thelathini elfu ya kausha damu, ikabaki mia nane. Nyongeza niliyoisubiri yote ilipita kwangu ikaenda kukaa kwenye kopo la biskuti, na mwenye nyumba akapandisha chumba kwa sababu "mmeongezewa". Mwaka 2025 waliposema 35.1% nilizima redio, kima cha chini tena hicho, 370,000 kwenda 500,000, nikajua wenye nyumba nao wanasikiliza.

Lakini hiyo yote bado sio kosa kubwa. Kosa kubwa ni mwishoni mwa 2023, na hili ndilo nataka ulichape ulibandike kwenye mlango wa chumba chako.

Afisa akanipigia. "Mwalimu una nafasi ya kutopapu." Yaani nichukue mkopo mpya juu ya ule wa zamani. Nikamwambia sina nafasi, nimebanwa. Akasema, sikiliza maneno yake, "makato hayaongezeki hata shilingi, yanabaki yale yale 246,000, na unapata hela mkononi." Mtu uliyekauka ukiambiwa makato hayaongezeki na hela unapata, unaona ni malaika. Nikasaini kwenye simu, dakika chache hivi.

Sasa hesabu niliyokuja kuifanya baadaye, usiku, kwa hasira, nyuma ya daftari la mwanafunzi. Nilikuwa nimeshalipa miezi 24. 246,000 mara 24 ni 5,904,000. Karibu milioni sita zimetoka kwenye mdomo wangu. Unadhani deni lilikuwa limepungua kiasi gani? Milioni mbili na nusu tu! Lilikuwa limebaki milioni 8 na laki 5. Zile nyingine zote, milioni tatu na laki nne, ni riba, kwa sababu mwanzoni mwa mkopo salio ni kubwa kwa hiyo riba ndiyo inakula kwanza, deni lenyewe linaguswa kidogo kidogo, na ndio maana wanakupigia simu katikati, muda ambao umeshamaliza kuilipa riba nzito na ulikuwa sasa uanze kulipa deni lenyewe. Wanakurudisha mwanzo.

Wakanipa milioni 11 mpya kwenye makaratasi, wakailipa ile ya zamani 8.5 papo hapo, wakakata tena ada na bima ya milioni 11 nzima wakati mimi nachukua kipande, nikashika kama milioni 2 na laki 2. Na saa ikaanza upya, miezi 72 mingine. Ningekuwa nimebakiza 48. Kwa hiyo nilinunua milioni 2.2 kwa miezi 24 ya ziada, yaani kwa milioni 5.9. Hakuna kausha damu aliyewahi kunifanyia hivyo kwa sauti laini kiasi kile. Milioni mbili ile nikalipa yule mama, nikaezeka bati kwa mama yangu, ikaisha. Sasa hivi namaliza mwishoni mwa 2029, nikiwa sina pikipiki wala godoro jipya. Na wiki iliyopita kanipigia tena. Sauti mpya, amehamishwa yule. Nikamuuliza salio langu ni kiasi gani akasema "mwalimu tuangalie fursa kwanza".

Kuna mtu atakuja hapa chini aseme kaka yake kajenga nyumba ya vyumba vitatu kwa mkopo wa mshahara. Sawa, wapo. Ukichimba utakuta kuna mshahara wa pili ndani ya nyumba, mke nesi, au wana mashamba ya tumbaku yanayowalisha, mshahara wa mwalimu wanauachia benki tu. Wewe una mshahara mmoja na umepanga chumba.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja. Mkopo ukate kile ambacho tayari ulikuwa unakiweka pembeni kila mwezi, na senti moja zaidi hapana. Usianze na duara la afisa. Kula mshahara wako mwaka mzima bila mkopo wowote, ujue mwezi wa mtihani unakula ngapi, mwezi wa harusi ngapi, mwezi wa kuugua ngapi. Kama kwa mwaka huo umeweza kuweka 60,000 kila mwezi bila kuigusa, basi 60,000 ndiyo marejesho yako. Kwa miaka mitatu kwa riba ile ya 17% inakupa kama milioni 1 na laki 7. Najua hainunui IST. Inanunua godoro, sola, meza na pikipiki iliyotumika, na mshahara unaufikisha tarehe 30 ukiwa na kadi yako mfukoni. Na kama umeshindwa kuweka hata 20,000, basi unakopa kutoka kwenye kitu ambacho hakipo, na hapo ndipo theluthi inapokungoja.

Na IST yenyewe, huyo anayekuambia utapakia abiria itajilipa, muulize barabara ya kwenda kituo chako ikoje masika. Bampa utaiacha ya kwanza, ndipo ufuatie bush na shokapu.

Kwenye swali lako umesema mshahara mdogo ndiyo sababu ya kukopa. Mimi nasema tofauti hapo, mshahara ni mdogo ndiyo maana hauwezi kukatwa nusu, na hao wanaotuambia tukope kwa sababu hatulipwi haki ndio wanaotufanya tushindwe hata kudai haki yenyewe, maana mwalimu anayebaki na shilingi 293 juu ya theluthi anaogopa mpaka kuandika barua ya malimbikizo, akisimamishiwa mshahara mwezi mmoja amekwisha.

Leo ukipata muda chukua slipu yako ya mwezi huu, mshahara wako si sawa na wangu wa 2021 ila asilimia za kukata ni zile zile. Halafu mpigie huyo afisa, umwombe ratiba ya marejesho ya miezi yote, sio karatasi yenye duara, ratiba yenye mistari mwezi kwa mwezi, ushuke mpaka mwezi wa 24 uangalie safu ya salio. Akisema mfumo uko chini, akisema ukisaini ndio inatoka, rudi hapa uniambie jina la cheo chake tu, nadhani namjua.